“Asingekwenda Peke Yake”: Kiswahili cha Kuhukumu Filamu, kwa Mifano ya Sekenke



Katika mihadhara ya namna hii tumezoea kusikia habari za tenzi, za lahaja za pwani na za usanifishaji wa lugha yetu. Leo naomba niwapeleke bara, tena mahali ambapo sisi wataalamu wa Kiswahili hatuna desturi ya kwenda kutafuta data. Sekenke iko wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Wasafiri wa njia ya Singida kwenda Nzega waliifahamu kwa mlima wake na kona zake, zilizoangusha malori mengi. Wanahistoria wanaifahamu kwa dhahabu: mgodi wake ulianzishwa wakati wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ni dhahabu ya Sekenke iliyotumika kupiga ile sarafu ya rupia 15 yenye sura ya tembo, iliyotolewa Tabora mwaka 1916. Siku hizi wanaochimba huko ni wachimbaji wadogo. Wamo Wanyiramba wenyeji, Wasukuma, Wanyaturu, na watu waliotoka mbali zaidi kwa kufuata habari za duara jipya.

Watu hao hawana lugha ya mama moja. Wanacho Kiswahili, na wana kibanda cha kuonyeshea filamu. Hoja yangu ni kwamba kinachosemwa nje ya kibanda kama hicho, filamu ikishakwisha, ni uhakiki kamili, wenye sarufi yake, istilahi zake na kanuni zake za ushahidi. Aidha, nitadai kwamba sisi wa vyuo vikuu tumekuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu uhakiki ulio dhaifu kuliko huo.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili kinaita fikra ya mtu juu ya jambo “maoni”, nomino iliyozaliwa na kitenzi “ona”. Tunapomuuliza mtu “waonaje?”, hatumuulizi habari za macho yake, tunataka hukumu yake. Mzizi mmoja unabeba kuona kwa jicho na kuona kwa moyo, na katika mazungumzo ya filamu mipaka ya kuona huku kuwili ni myembamba sana. Anayesema “mimi niliona yule mama amekosea” ameeleza alichotazama na alichoamua kwa pumzi moja.

Jambo hili si dogo, kwa sababu historia ya filamu katika Afrika imejaa watu waliouliza Waafrika “mmeona nini?” na kisha wasielewe jibu. Mnakijua kisa cha kuku. Marshall McLuhan alikieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962, akimnukuu John Wilson. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya mafunzo ya afya, wakaulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kama katika filamu yao mlikuwa na kuku. Wakaipitia picha moja moja, wakamkuta: alikatiza pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi kuthibitisha kwamba mtazamaji asiyesoma hajui kutazama. Mimi nakisoma kinyume. Watazamaji walisema kweli, na kwa usahihi uliowashinda wenye filamu. Waliulizwa walichoona, wakataja kitu. Hakuna aliyewauliza yule mkaguzi wa afya angefanya nini ili apate kusikilizwa.

Imani hiyo kwamba Mwafrika huhitaji filamu ya polepole, isiyo na hila za kamera, iliongoza pia kazi za Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers. Hapa kwetu majaribio yalikuwa yameanza mapema zaidi. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi ulioongozwa na Meja Notcutt na Latham ulitengeneza filamu zisizo na sauti, zikaandamana na maelezo yaliyorekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Naomba mkumbuke jambo hili: tangu mwanzo, filamu ilimfikia mtazamaji wa Tanganyika ikiwa na sauti ya pili, sauti ya mtu anayemweleza kinachotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 tulipata filamu iliyoigizwa na wenyewe kwa Kiswahili, *Muhogo Mchungu*, ambayo mwigizaji wake mkuu, Rashidi Kawawa, alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Na katika miaka hiyohiyo watu wa Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wakizipenda filamu za Kihindi, *Awaara* ya Raj Kapoor ikiwa mbele, bila mtu kuwafundisha namna ya kuzitazama.

Sauti ile ya pili haikufa pamoja na ukoloni. Ilirudi katika zama za kaseti za video kwa mikono ya wananchi wenyewe. Wengi mlio hapa mmekua mkimsikia Lufufu, yaani Derek Mukandala, akitafsiri filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana watafsiri wao wanaosema kwa Kiganda. Tunaliita jambo hili “kutafsiri”, lakini mtaalamu wa tafsiri akipima kwa rula yake atakasirika, maana mtafsiri huyu huongeza, hupunguza, hucheka na hukemea. Mfano wa wali uliogeuzwa pilau, ambao Matthias Krings aliufanya kichwa cha makala yake juu ya sanaa hiyo, unatosha. Ninachotaka kuongeza ni kwamba mtafsiri hutoa maoni wakati filamu ingali inakwenda. Mtazamaji hutoka kibandani akiwa amekwisha kusikia hukumu ya kwanza, naye huanza mjadala kwa kuipinga au kuiunga mkono.

Sasa niwaeleze mjadala mmoja nilioukuta Sekenke. Usiku uliotangulia ilikuwa imeonyeshwa *Deewaar*, filamu ya Yash Chopra ya mwaka 1975, iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Mnaikumbuka: ndugu wawili waliolelewa na mama mmoja katika ufukara. Mmoja, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anakuwa mtu wa magendo na kutajirika. Mwingine, Shashi Kapoor, anakuwa polisi. Mama anamwacha mwenye mali na kwenda kuishi na polisi. Mwishoni polisi anampiga risasi nduguye, naye anafia mikononi mwa mama. Asubuhi ile watu walikuwa wamekaa karibu na karasha wakisubiri mawe yao yasagwe, na swali lililokuwa mbele yao lilikuwa hili: steringi ni nani?

Neno “steringi” linastahili kutuliwa kidogo. Kwa dalili zote limetokana na lile neno la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji kwenye matangazo ya filamu. Kiswahili kimelichukua kikalifanya jina la cheo. Linapatanishwa kama kiumbe chenye uhai: steringi amefika, masteringi wamekutana. Sisi tunalo “mhusika mkuu”, na tunadhani ni kitu kilekile. Sivyo. Mhusika mkuu hupatikana kwa kuhesabu nafasi aliyopewa katika kazi. Steringi ana sheria zake, na sheria ya kwanza inajulikana na kila mtoto: steringi hafi.

Kijana mmoja alishikilia sheria hiyo. Kwa kuwa Amitabh alikufa, alisema, basi steringi ni polisi, hata kama sura yake haikuonekana sana. Mzee mmoja, mwenye duara, akamjibu:

“Mdogo wangu, wewe ulisinzia. Steringi ni yule filamu inayemuuma. Yule polisi aliumwa na nini?”

“Shikamoo yako naiheshimu, mzee, lakini steringi akifa, nani atabaki na filamu?”

“Atabaki nayo mama.”

Nimefundisha nadharia ya fasihi kwa miaka mingi, na sina hakika kama nimewahi kusikia mgogoro wa dhana ya shujaa ukielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Tazameni pia “wewe ulisinzia”. Si tusi. Ni pingamizi juu ya ushahidi: hukumu yako haina nguvu kwa sababu kuna sehemu hukuiona. Maoni ya asiyeona si maoni. Sarufi yenyewe ya neno inadai hivyo.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji alikuwa kimya muda wote. Kisha akaingilia kuhusu lile jengo ambalo Amitabh anamnunulia mama yake, jengo ambalo mama huyo alilibebea matofali kichwani lilipokuwa likijengwa. “Asingemnunulia lile,” alisema. “Angemnunulia lingine lolote, mama angekaa.” Wengine walinyamaza. Wanawake kadhaa wa pale huponda mawe ya dhahabu kwa ujira, na nadhani kila mmoja alielewa bila kufafanuliwa.

Hapa ndipo nilipoanza kusikiliza kwa sikio la mwanaisimu. Katika kusimulia filamu, wasemaji hawa hutumia hali mbili za kitenzi kwa mpango. Kinachoonekana kwenye kioo hutajwa kwa -na-: “jamaa anafika, anakuta mlango umefungwa”. Kinachosukuma kisa mbele hutajwa kwa -ka-: “akazunguka nyuma, akaruka ukuta”. Tanakali za sauti huwekwa penye vishindo. Haya yote yanafahamika katika masimulizi ya jadi, nami sina haja ya kuyarefusha. Lakini msemaji anapoacha kusimulia na kuanza kuhukumu, hali hubadilika ghafla, na anayoiingia si -li- wala -me-, ni -nge-. “Asingekwenda peke yake.” “Angemwambia kaka yake mapema.” “Mimi ningekuwa yule mke, ningebaki.” Vivumishi ni vichache sana. “Kali” utaisikia, na “haina kichwa wala miguu” kwa filamu iliyoshindikana, lakini hayo ni maneno ya kufungulia au kufungia mlango. Hoja yenyewe imo ndani ya -nge-.

Chukueni insha kumi za wanafunzi wetu juu ya filamu yoyote. Mtakuta “filamu hii ni nzuri kwa sababu ina wahusika bora, mandhari ya kuvutia na dhamira zinazosawiri jamii”. Sentensi hiyo yaweza kubandikwa juu ya filamu yoyote duniani bila kuitazama, na ninashuku kwamba mara nyingine ndivyo inavyofanyika. Hakuna anayeweza kumwambia mwandishi wake “wewe ulisinzia”, kwa sababu hakusema lolote linalotegemea kuwa macho. Anayesema “asingemnunulia lile” amejifunga. Ameonyesha mahali hasa ambapo kisa kingeweza kupinda, amedai kwamba mambo mengine yangefuata, na amempa mpinzani wake mahali pa kushika. Mtunzi wa filamu hufanya kazi hiyohiyo mezani kwake kabla kamera haijawashwa.

Baadhi ya wenzangu wamenipinga kwamba huu si uhakiki, ni kuwatendea wahusika kama watu halisi. Pingamizi hilo lina uzito, na ni kweli kwamba wachimbaji wale hawakuzungumzia upigaji picha wala uhariri. Lakini nawauliza: katika mazishi ya Steven Kanumba, Aprili 2012, maelfu waliokuja viwanja vya Leaders walimlilia mtu au wahusika? Watazamaji wetu hawachanganyi mambo hayo. Wanajua vizuri sana kwamba kuna mtu aliyepanga. Ndiyo maana husema “hapo wamechemsha”, kwa wingi, wakimaanisha watengenezaji, na dakika hiyohiyo husema “angemsamehe”, kwa umoja, wakimaanisha mhusika. Kiambishi cha nafsi kinatenganisha ngazi mbili ambazo nadharia zetu huzitenganisha kwa kurasa nyingi.

Kuna jambo ambalo bado linanisumbua, nami nawaachia wanafunzi wa shahada za juu. Vitabu vingi vya sarufi vinatufundisha kwamba -nge- ni kwa jambo linaloweza bado kutokea, na -ngali- ni kwa jambo ambalo nafasi yake imekwisha kupita. Filamu imekwisha, Amitabh amekufa tangu 1975. Tungetazamia -ngali-. Sekenke sikuisikia hata mara moja. Jibu jepesi ni kwamba wasemaji wa leo wameiacha -ngali-, na pengine ndiyo sababu yote. Lakini inawezekana pia kwamba kwa mtazamaji wa kibandani filamu haijaisha kweli, kwa kuwa Jumamosi itawekwa tena. Njia ya kupima ipo: warekodiwe watu walewale wakijadili filamu, na wakijadili ajali ya mgodini ambayo haitarudiwa. Tofauti ikionekana, tutakuwa na jambo la kuandika.

Idara zetu zinafundisha filamu sasa, na hilo ni jema. *Vuta N’kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kutokana na riwaya ya Adam Shafi, imetupa kazi inayostahili kusomwa mstari kwa mstari, Kiswahili chake cha Unguja kikiwa somo peke yake. Naomba ipelekwe pia vibandani, bara, kwa watu ambao Kiswahili hicho kwao ni cha mbali, na mwanafunzi akae nje na kinasa sauti, kwa idhini yao, wakati wanatoka. Asiwaulize wameona nini. Akae tu, asubiri mtu wa kwanza atakayesema “yule Yasmini ange…”, na aanzie hapo kuandika.