NI NANI MWENYE HAKI YA KUTHAMINI SHAMBA LAKO?

Haya ni maneno ya hotuba kwa wakulima, wafugaji na wafanya biashara wa Garsen na vijiji vya Mto Tana.



Nataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo wengi wameisikia lakini wachache waijua, nayo ni kazi ya mthamini wa ardhi. Huyu ndiye mtu atazamaye shamba, nyumba au kiwanja, kisha akatia sahihi yake chini ya karatasi isemayo kuwa mali hii thamani yake ni shilingi kadha wa kadha. Kwa karatasi kama hiyo benki hukopesha, warithi hugawana, na Serikali hulipa fidia inapotwaa ardhi kwa ajili ya barabara au mfereji. Basi karatasi ikiwa mbovu, hasara ni ya mwenye shamba.

Kwanza yafaa tutofautishe watu watatu ambao mara nyingi huchanganywa. Mpima ardhi hupima mipaka na kuweka mawe. Wakala hutafuta mnunuzi, naye hupata ujira wake mali ikiuzwa. Mthamini hutaja thamani. Kila mmoja ana sheria yake: Sheria ya Wathamini ni Sura ya 532, na ile ya mawakala ni Sura ya 533, zote mbili zilizotungwa mwaka 1984. Mtu aweza kuwa hodari sana wa kuuza viwanja, wala asiwe na ruhusa yo yote ya kuthamini.

Je, mtu huwaje mthamini? Njia yake ni ndefu. Kijana husoma Chuo Kikuu, kama kile cha Nairobi, mpaka apate shahada ya elimu ya ardhi na majengo. Kisha huingia katika chama cha wanataaluma kiitwacho Institution of Surveyors of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1969, ambako huanza katika daraja la mhitimu. Hufanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa, hutahiniwa, na akifaulu huwa mwanachama kamili, naye huandika herufi MISK baada ya jina lake.

Lakini sikilizeni neno hili kwa makini. Herufi baada ya jina ni heshima ya chama; ruhusa ya kufanya kazi ni jambo jingine. Ruhusa hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyowekwa na sheria ile ya 1984. Bodi huandika jina katika daftari lake, na mthamini hupaswa kuwa na cheti cha kazi cha kila mwaka. Hata mwenye herufi za chama kikubwa cha London kilichoanza mwaka 1868 hawezi kuthamini hapa Kenya kwa herufi hizo tu, bila ya kuandikwa na Bodi.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, benki nyingi za akiba zilianguka katika miaka ya 1980, na sababu mojawapo ilikuwa mikopo iliyotolewa juu ya mali iliyotajwa thamani isiyo ya kweli. Mwaka 1989 ikatungwa sheria, na tangu hapo kila jimbo hutoa leseni kwa wathamini. Jirani zetu wa Tanzania nao walitunga sheria yao ya uthamini na usajili wa wathamini mwaka 2016.

Sasa turudi kwetu Tana. Hapa mkulima ana miembe na migomba kandokando ya mto, na mfugaji ana malka, yaani njia ya kuwafikisha ng'ombe majini wakati wa kiangazi. Wengi hawana hati ya ardhi. Je, watu hawa hawana haki? La, hasha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yataka fidia ya haki ilipwe upesi na kwa ukamilifu, nayo yaruhusu hata wakaaji wa nia njema wasio na hati walipwe. Kanuni za mwaka 2017 zaongeza asilimia 15 juu ya bei ya soko kwa ajili ya usumbufu.

Serikali itakapo ardhi, Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza katika Gazeti la Serikali. Baada ya siku zisizopungua 30 hufanyika baraza la uchunguzi, nalo hutangazwa siku 15 kabla. Kila mwenye dai hupeleka dai lake kwa maandishi, kabla au siku ile ile ya baraza. Hapo ndipo mthamini wenu ana faida. Malka haiuzwi sokoni, wala haina bei ya kulinganishwa. Asipokuwapo mtu wa kueleza kwa hoja hasara ya kuifunga, yaweza kupitwa kama kwamba haipo. Asiyeridhika na fidia aweza kupeleka shauri lake mbele ya baraza la hukumu lililowekwa na sheria ya mwaka 2019.

Tena liko jambo la ardhi ya jamii. Kwa sheria ya mwaka 2016, maadamu ardhi hiyo haijasajiliwa, fidia yake hushikwa na Serikali ya Kaunti kwa amana mpaka jamii isajiliwe. Kwa hiyo wazee wa Gasa na wa Matadeda wafanye haraka kuwahimiza watu wao kuandikisha ardhi, na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, ili awepo mwenye haki ya kumwita mthamini na kupokea malipo.

Basi mtu akija na mkoba mzuri akisema yeye ni mthamini, mkaribisheni kwa heshima, kisha mwulizeni mambo matatu: Namba yako ya usajili ni ipi? Cheti chako cha mwaka huu ki wapi? Ni nani aliyekutuma, nawe walipwa na nani? Linganisheni jina lake na orodha ya Bodi ichapishwayo katika Gazeti la Serikali. Mthamini wa kweli hatakasirika. Wala msitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusomewa karatasi yote kwa lugha mnayoielewa, na kubaki na nakala yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni hesabu ya miti yenu, nyumba zenu na malka zenu tangu leo, kabla barabara haijafika.