Ahadi ya Dola ni Deni: Mhadhara juu ya Jaji Chunilal Madan



Sisi watu wa mwambao huu wa kaskazini mwa Msumbiji, tangu enzi za Ibo kuwa makao makuu ya Cabo Delgado, tumemzoea Mhindi nyuma ya meza ya duka, na ni wachache miongoni mwetu waliosikia habari za yule aliyekalia kiti cha hukumu.

Chunilal Bhagwandas Madan alizaliwa Nairobi mwaka 1912, akapokewa katika uwakili kwenye Middle Temple ya London, akarejea kwao kutetea watu mahakamani. Mwaka 1948 akaingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, zama ambazo viti vya baraza hilo viligawanywa kwa rangi ya watu, na mwaka 1961 akaiacha siasa akawa jaji, hata akafikia cheo cha Jaji Mkuu mwaka 1985.

Alikwisha kuona, basi, jinsi sheria zinavyotungwa na wanadamu wenye haja zao, na alipokuwa hakimu hakukubali zigeuzwe silaha ya mwenye nguvu. Katika shauri la D.T. Dobie dhidi ya Muchina, Mahakama ya Rufani, yeye akiwamo, iliweka kanuni kwamba dai la mtu lisitupwe kabla ya kusikilizwa, hata likiwa dhaifu, maadamu laweza kuokolewa kwa kusahihishwa.

Lakini hukumu iliyolitukuza jina lake ni ile ya Stanley Munga Githunguri. Bwana huyu alishtakiwa juu ya fedha za kigeni, miaka 9 baada ya tendo lenyewe kudaiwa kutendeka, na miaka 4 baada ya Mwanasheria Mkuu wa wakati ule kuamua asishtakiwe, uamuzi uliotangazwa hadharani. Wala serikali haikudai kuwa imepata ushahidi mpya. Madan na majaji wenziwe wawili wakayazuia mashtaka hayo, kwa kuwa ahadi iliyokwisha tolewa kwa raia haivunjwi kwa kubadilika kwa moyo wa mtawala. Kisha, akiiacha lugha ya mawakili, Madan akamwita mlalamikaji kwa jina lake kamili, akamwambia aipokee amri aliyoiomba, na atokapo hapo ainue macho yake kuitazama milima.

Tusidhani hayo yalikuwa mepesi. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na mwaka 1988, Madan akiwa amekwisha kustaafu, Bunge liliwaondolea majaji dhamana ya kudumu kazini, lisiwarudishie mpaka mwaka 1990. Madan alifariki mwaka 1989, kabla ya kuyaona marejeo hayo.

Kwa nini niyalete haya kwenu? Kwa sababu ndugu zetu wa Quitupo, waliohamishiwa Quitunda ili kupisha mradi wa gesi wa Afungi, waliahidiwa nyumba, mashamba na fidia, nao wavuvi wakaahidiwa njia ya kuifikia bahari. Wahenga wamenena kwamba ahadi ni deni, nasi twalitumia neno hilo kila siku baina ya jirani na jirani. Madan ametufunza kwamba lamfunga na mwenye dola pia. Enyi vijana mnaosoma sheria, jifunzeni kuziandika ahadi hizo, kuzihifadhi hati zake, na kuzifikisha mbele ya hakimu, maana deni lisilodaiwa kwa hoja husahauliwa kwanza na mdeni.