Pumziko: Nani Anampumzisha Nani?

Mada kwa semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, Lushoto

1. Utangulizi

Wajerumani walipoiita Lushoto Wilhelmstal, walipanda huku kukimbia joto la pwani. Katika wilaya hiyo hiyo, kuanzia 1907, Msambaa alibebeshwa kipande, yaani kadi ya kazi, na kutakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Mmoja alistarehe kwa jasho la mwingine. Hoja yangu ni kwamba pumziko la namna hiyo halina msingi katika imani yetu.

2. Msingi wa Maandiko

Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili. Kutoka 20 inaieleza kwa uumbaji. Kumbukumbu la Torati 5 inaieleza kwa utumwa wa Misri: ninyi mliwahi kunyimwa pumziko, basi mtumwa na mjakazi wapumzike sawa na ninyi. Anayeamriwa ni mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye awezaye kusimamisha kazi. Walawi 25 inaipa hata ardhi mwaka wa saba wa kupumzika. Katika Mathayo 11 Yesu anawaita waliolemewa na mizigo, na Waebrania 4 inatuahidi pumziko ambalo hatulipati kwa juhudi zetu. Aliyepokea neema hiyo hana sababu ya kumkamua mwenzake.

3. Hali yetu Usambara

Jumapili baada ya ibada, baba hukaa kuzungumza na wenzake. Mama huteka maji, hutafuta kuni, hupika. Jioni hufungasha karoti na kabichi za kupelekwa Kariakoo. Siku ya Bwana imemfikia mmoja tu katika nyumba ile.

Ardhi nayo imechoka, hasa mabondeni tunakopanda zao juu ya zao. Mwenye robo eka hawezi kuiacha mwaka mzima, lakini anaweza kubadilisha mazao, kupanda kunde na kutia samadi. Tukumbuke pia kwamba serikali ya kikoloni ililazimisha matuta miaka ya 1940 na 1950, mzigo ukawaangukia zaidi wanawake, na watu wakakataa. Tukiihurumia ardhi, tusimwongezee mama kazi.

Mfano mwema wa kazi isiyomkamua anayeifanya tunao. Lutindi, upande wa Korogwe, ilianza 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya matibabu: anayefanya kazi ndiye anayenufaika nayo kwanza.

4. Mapendekezo

Vikao na michango ya Jumapili vipunguzwe. Maji na kuni za Jumapili viandaliwe Jumamosi, na wanaume na vijana washiriki. Mwajiri Mkristo ampe msaidizi wa nyumbani siku ya mapumziko yenye malipo.

5. Maswali ya vikundi

(a) Nyumbani kwako, nani hulala wa mwisho Jumapili?
(b) Ni kazi gani utaichukua wewe ili apumzike?
(c) Ni ratiba ipi ya kanisa letu inayomchosha?