Daraja Letu na Bajeti ya Kaunti



Daraja tulilolichangia lilisombwa na mvua za masika. Tuliilaumu kaunti. Tulipouliza, tukaambiwa kikao cha maoni ya bajeti kilifanyika katika wadi yetu, na hakuna kati yetu aliyelitaja daraja.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ombi la Juni limechelewa.

Basi mchango wa leo una kazi mbili: kukarabati daraja watoto wavuke salama, na nauli ya wajumbe wetu kwenda kikaoni. Tukilipa kodi kisha tukanyamaza, tutafanya harambee kila masika.

Karibuni tuchange.