Swichi ya Ofisini Haishuki Mgodini

(Mazungumzo na Watanzania waishio Johannesburg)



Mimi si mwanasiasa. Ni fundi wa mitandao ya kompyuta, na ugali wangu unatoka migodini. Lakini leo nitasema siasa kidogo, mnivumilie.

Magharibi ya jiji hili, upande wa Carletonville, kuna mgodi wa dhahabu wa Mponeng, wenye kina kinachokaribia kilomita 4. Huko chini mwamba wenyewe una joto linalopita nyuzi 60. Watu wanaweza kufanya kazi kwa sababu barafu iliyosagwa inateremshwa kutoka juu kupoza hewa. Umeme ukikatika, joto linarudi. Januari 2008 Eskom iliposema haiwezi kuihakikishia migodi umeme, migodi mikubwa ilisimamisha uzalishaji.

Katika migodi ya kisasa, vipimo vya hewa, simu na taarifa za hatari hupita kwenye mtandao. Kwa hiyo swichi yake si ya mchezo. Ya ofisini kwa kawaida imeandikwa nyuzi 0 hadi 40. Ya viwandani, nyingi ni -40 hadi 75. Haina feni, kwa sababu feni huvuta vumbi na mara nyingi ndiyo hufa kwanza. Gamba lake la chuma lenye mapezi ndilo linalotoa joto. Huwa pia na njia mbili za umeme, moja ikikatika nyingine inabeba.

Nisijifanye malaika. Kabla sijaja huku niliwahi kufunga swichi za ofisini ndani ya kabati la bati, juani, katika mji mmoja wa pwani huko nyumbani. Mwenye kazi alitaka bei ndogo, mimi nilitaka kazi. Nilijua, nikanyamaza. Msimu wa joto ulipofika zikafa moja baada ya nyingine. Watu wakasema mtandao umegoma, kana kwamba ni mapenzi ya Mungu. Hayakuwa mapenzi ya Mungu. Nilikuwa mimi.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam 2009, na Mkongo wa Taifa ukaenda mikoani. Lakini mkongo ni njia tu. Kinachougua ni kifaa kilicho mwisho wa waya, kwenye zahanati au kituo cha umeme, na hicho huchaguliwa kwenye zabuni. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Sisemi tununue vya ghali kila mahali. Chumba chenye kivuli na hewa hakihitaji swichi ya mgodini. Nasema tuulize maswali mawili kabla ya kusaini: kifaa hiki kimeandikwa nyuzi ngapi, na ndani ya kabati lile saa nane mchana huwa nyuzi ngapi? Kipimajoto hakigharimu kitu. Ukimya wa fundi ndio unaogharimu.

Naomba kuwasilisha.