Vijana Waliomaliza Shule na Safari ya Wakfu wa Muda

(Hotuba iliyotolewa Kimara, Dar es Salaam, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita pamoja na wazazi wao)

Baada ya kusoma Tashahhud, Taawudh na Sura Al-Fatiha:



Kijana amalizaye kidato cha nne mwezi Novemba hukaa nyumbani mpaka Julai ndipo aingie kidato cha tano. Naye wa kidato cha sita, akishafanya mtihani wa Mei na kupita mafunzo ya JKT, hungoja chuo hadi Oktoba au Novemba. Miezi hiyo ni amana, na kila amana itaulizwa. Baadhi ya vijana wetu wameomba kutumia majuma mawili ya miezi hiyo kwenda Burundi, wakakae na Waislamu wa Buyenzi na Rumonge, wawasomeshe watoto Qur'an na kushiriki kazi za wenyeji. Wazazi nao wameuliza swali la haki: je, nauli hiyo isingefaa zaidi kuwanunulia wenyeji hao mchele na madaftari? Leo twataka kulijibu swali hili bila kulizunguka.

Tuanze na asili ya safari zenyewe. Mwaka 1966 Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifatul Masih wa Tatu r.h., aliwaita wanajumuiya watoe majuma mawili hadi sita kwa ajili ya dini, katika mpango uitwao Waqf-e-Arzi, yaani wakfu wa muda. Masharti yake ni mepesi kuyataja na mazito kuyatimiza: anayekwenda hujilipia nauli na chakula chake, hufundisha Qur'an, huitengeneza nafsi yake, wala hawi mzigo kwa wale anaowaendea.

Burundi si nchi ya mbali nasi. Uislamu ulifika huko kwa sehemu kubwa kupitia Ujiji, pamoja na wafanyabiashara wa Kiswahili wa karne ya 19. Hata leo Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, husemwa Kiswahili, na tangu mwaka 2007 nchi hiyo ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijana wetu atapanda basi Mbezi, apite Kigoma, avuke mpaka Manyovu, kisha afuate ukingo wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge penye michikichi. Atawakuta watu wanaoswali kama yeye, nao wanaishi katika mojawapo ya nchi zenye kipato cha chini kabisa duniani.

Sasa tulijibu swali. Ikiwa lengo ni msaada wa vitu, basi wazazi wamesema kweli: fedha na zitumwe, vijana wabaki. Kijana wa miaka kumi na minane asiye na ufundi hajengi ukuta kumshinda fundi wa Rumonge ambaye amekaa akingoja kazi. Akimnyang'anya mwiko ili apigwe picha, hakumsaidia. Amemkosesha ujira wa siku. Kwa hiyo tusiite safari hii msaada. Tukiiita hivyo tutakuwa tumejidanganya sisi na kuwavunjia heshima wenyeji wetu.

Safari hii ni masomo. Katika Sura At-Tawba, aya ya 122, tunafundishwa kwamba si wote watoke, bali kundi litoke likajifunze dini, kisha likirudi liwaonye watu wake. Tazameni kwamba matunda yamewekwa katika kurudi. Hadhrat Mus'ab bin Umair r.a., kijana aliyelelewa kwa neema katika Makka, alipelekwa Madina kufundisha Qur'an kabla ya Hijra. Alikaa katika nyumba ya As'ad bin Zurara akiwa mgeni, si tajiri wa kugawa mali. Nyumbani kwetu tunaye Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Katika miaka ya 1950 alikwenda kusoma Rabwah, Pakistani, mji ulioanzishwa mwaka 1948 katika ardhi kame. Alirudi, na mwaka 1960 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye Waziri wa Sheria. Aliyoyapata ugenini yaliwafaa watu wa kwao.

Lakini mwanafunzi naye aweza kuwa mzigo. Sura Al-Hashri yawasifu Ansari waliowatanguliza wageni ijapokuwa wao wenyewe walikuwa na dhiki. Wenyeji wenu watafanya vivyo hivyo: watachinja kuku wa pekee, watoto wao walale na njaa, nanyi hamtaambiwa. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba ukarimu wa mgeni ni siku tatu, wala haimpasi mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika taabu. Basi chukueni posho yenu na mpike pamoja nao. Tekeni maji kabla hamjaombwa. Msicheke Kiswahili chao. Msipige picha ya umaskini wa mtu. Nyumba yake ni sitara yake.

Nasi wa Kimara tusijione matajiri. Mwaka 2017, nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro zilipobomolewa kupisha upanuzi, familia zilizokuwa na uwezo jana yake zilijikuta zinaomba chumba kwa jirani. Waliohifadhiwa siku zile wanajua jinsi mkono wa msaada unavyoweza kufariji, na jinsi unavyoweza kudhalilisha. Wazee hao wawakalishe vijana na kuwasimulia kabla hawajaondoka.

Kwa hiyo tumeafikiana hivi. Kijana asiyewahi kusomesha watoto wa madrasa hapa kwa mwezi mmoja hatakwenda kusomesha Buyenzi. Asiye na idhini ya wazazi, pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano hatakwenda. Familia isiyoweza kulipa nauli bila kukopa, kijana wake afanye wakfu katika kijiji chochote cha nchi yetu, na thawabu yake haipungui kwa sababu hakuvuka mpaka. Na kila atakayekwenda, akirudi atatoa saa mbili kila juma kwa mwaka mzima kuwahudumia wagonjwa na wajane wa mtaa wake. Asipotimiza hilo, nauli ilikuwa ya matembezi, na swali la wazazi litakuwa limemshinda.

Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu njiani, awape unyenyekevu mbele ya wenyeji wao, na awarejeshe wakiwa na faida kwetu sote. Amin.