Mshipa wa Fahamu Si Bomba: Muundo wa Seli ya Neva na Safari ya Taarifa

1. Utangulizi



Neva tunaiita mshipa wa fahamu, na damu nayo ina mshipa wake. Mwanafunzi akisikia jina hilo huona bomba: kitu kinaingia huku na kutokea kule. Mada hii inakusudia kuliondoa bomba hilo kichwani mwake.

2. Muundo

Mshipa mmoja wa fahamu ni fungu la nyuzi nyingi, na kila uzi ni mkono wa seli moja. Seli ya neva ina sehemu kuu tatu: kiwiliwili chenye kiini, dendraiti zinazopokea taarifa, na aksoni inayoipeleka mbele. Aksoni ya mguuni hufikia urefu wa mita 1 hivi, lakini ni nyembamba kuliko unywele. Nyingi zimeviringishiwa mayelini, tabaka la mafuta lenye mapengo madogo madogo.

3. Taarifa inavyosafiri

Seli ikitulia, ndani yake huwa na chaji hasi, yapata milivolti 70 chini ya nje. Sodiamu imejaa nje, potasiamu ndani. Kichocheo kikitosha, milango ya sodiamu hufunguka, ayoni zake huingia na chaji hugeuka kuwa chanya. Kisha potasiamu hutoka, hali ikarejea. Yote hayo huchukua milisekunde 1 hivi.

Ayoni hizo huvuka utando tu. Hazitoki kidoleni zikafika mgongoni. Badiliko la sehemu moja huamsha sehemu jirani, kama moto wa nyika: jani liwakalo huwasha la pili, na moto haurudi ulikokwisha kupita. Tofauti ni kwamba nyasi za neva huota tena papo hapo.

Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilieleza jambo hili kwa hesabu, baada ya kupima aksoni ya ngisi, yenye unene wa nusu milimita hivi. Ngisi wa ukoo huo tunawanunua sokoni hapa pwani.

Penye mayelini, taarifa huruka kutoka pengo hadi pengo. Ukijikwaa kidole gumba, kwanza hukuchoma maumivu makali, kisha hufuata yale yanayofukuta. Ya kwanza hupita kwenye nyuzi zenye mayelini na kufika uti wa mgongo kabla ya robo sekunde. Ya pili hupita kwenye nyuzi zisizo nayo, kwa mwendo wa mita 1 hivi kwa sekunde.

4. Sinapsi

Aksoni haiigusi seli inayofuata. Katika sinapsi nyingi, kati yao pana pengo la nanomita 20 hadi 40. Taarifa ikifika ukingoni, kalsiamu huingia, na vifuko humwaga kemikali inayovuka na kuiamsha seli ya pili. Kwenye msuli wa mkono au mguu, kemikali hiyo ni asetilikolini.

5. Pendekezo

Sisi walimu wa Baiolojia tuanze somo na jino, mchoro ufuate. Dawa ya ganzi anayochoma daktari huziba milango ya sodiamu. Jino linang'olewa, neva haijakatwa, ila moto umeshindwa kuvuka kipande kile. Tumuulize mwanafunzi: kimezibwa nini? Akijibu "mshipa", turudi ubaoni. Akijibu "milango", ameelewa.